"Nitakupitia" si usafiri

Kipindi cha wiki hii kilikuwa juu ya usafiri, na kama kawaida yetu muda haukutosha. Tuliongea sana juu ya petroli, foleni za Ruwi na bei za teksi, lakini kuna suala moja tuliligusa tukalipita mbio: mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au asiyeona, anatoka vipi Wadi Kabir mpaka Ruwi bila ya kumuomba mtu? Leo tunaliandika kwa kituo.

Kwa wasioijua, Wadi Kabir ni mtaa wa Muscat ulio jirani na Ruwi, umebanwa na majabali. Kuna upande wa magereji, maduka ya spea na mafundi rangi, na kuna upande wa nyumba, maghorofa ya kukodi, misikiti na skuli. Wazee wetu wengi waliokuja kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na bara walianzia maisha mitaa hii na ya jirani, na mpaka leo Kiswahili utakisikia dukani na barazani. Kutoka hapo mpaka Ruwi ni dakika chache kwa gari. Sasa tuseme huna gari, huwezi kuendesha, na miguu haikubebi. Hapo ndipo mazungumzo yetu yanapoanzia.

Neno tulilokua nalo

Kila nyumba ya Kizanzibari hapa Oman inalijua neno hili: "nitakupitia". Bibi ana miadi ya hospitali Jumatatu saa mbili asubuhi. Usiku wa Jumapili kundi la familia kwenye simu linawaka moto. Nani atampeleka? Kaka yuko kazini Sohar, ami kasafiri, mjukuu ana mtihani. Mwisho anapatikana mmoja, anaomba ruhusa kazini, anaandika: "Nitampitia mie." Alhamdulillahi, limekwisha.

Hatusemi kuwa hili ni baya. Ni malezi yetu, na kuna nchi tajiri ambazo mzee hapati hata mtu wa kumpigia simu. Lakini tazama kinachotokea baadaye. Bibi akirudishwa nyumbani anasema, "Nimekusumbueni wanangu." Mnamjibu hapana Bi mkubwa, hakuna usumbufu. Yeye lakini hesabu anaiweka. Wiki inayofuata anataka kwenda kumuona shoga yake Mutrah, wakae wapige soga, wapitie sokoni watazame kanga. Haombi. Mtu ataomba kupelekwa hospitali kwa sababu haina budi. Nani atamtoa mwanawe kazini kwa ajili ya kupiga soga?

Kwa hivyo "nitakupitia" inabeba safari za dharura tu. Zile nyengine zinapotea kimya kimya: maulidi, harusi ya jirani, darsa msikitini, kwenda kununua ndala kwa kuzichagua mwenyewe. Hakuna aliyemkataza. Yeye mwenyewe amejikataza.

Na si wazee peke yao. Mfikirie kijana wa umri wetu, miaka thelathini na kitu, ana digrii yake ya uhasibu, alipata ajali ya gari akaumia uti wa mgongo. Oman tunazijua ajali. Hakuna ukoo ambao haujaguswa. Kazi anaiweza, kompyuta anaikalia vizuri kuliko wengi. Anaitwa kwenye usaili, anapita. Kazi inaanza saa moja na nusu asubuhi, siku tano kwa wiki. Hapo neno letu linashindwa, maana hakuna ndugu wa kukupitia mara kumi kwa wiki, mwaka mzima, na yeye ana kazi yake. Ajira inapotea, na aliyeipoteza ana sifa zote isipokuwa njia ya kufika.

Tangu Januari 2024, mfumo mpya wa hifadhi ya jamii hapa Oman unampa mtu mwenye ulemavu riali 130 kwa mwezi. Ni msaada wa maana, tusiubeze. Lakini kama kila kutoka kwako ni teksi ya peke yako, kwenda na kurudi, fedha hiyo inaliwa na barabara kabla ya kufika dukani.

Basi lipo, na tulisifu

Haki ya mtu apewe. Shirika la taifa la usafiri la Oman lilianzishwa 1972, lakini kwa miaka mingi sisi wa Muscat tulitegemea teksi za rangi ya machungwa na nyeupe, na vile vibasi vidogo ambavyo ukitaka kuingia lazima ujikunje. Tarehe 22 Novemba 2015 yakaanza mabasi mapya ya mjini chini ya jina la Mwasalat, kwanza njia ya Ruwi mpaka Mabela. Wadi Kabir nayo ikapata yake, njia nambari 2, Ruwi–Wadi Kabir. Nauli ya chini wakati ule ilikuwa baisa 200. Kwa mtu wa mshahara mdogo, lile lilikuwa badiliko kubwa.

Tena haya ni mabasi ya sakafu ya chini, hayana zile ngazi tatu za kupandia. Kwa wasiojua yanavyofanya kazi: basi la namna hii sakafu yake iko kama sentimita 32 hivi kutoka ardhini, wakati basi la zamani la ngazi linaweza kufika karibu mita moja. Likisimama, dereva anaweza kutoa upepo kwenye springi za upande wa mlango, basi likainama kama ngamia anayepiga magoti, sakafu ikashuka mpaka sentimita 25 au 27. Kisha mlangoni panafunguliwa ubao wa kupandia, kiti cha magurudumu kinaingia, na ndani kuna nafasi yake.

Sheria nayo ipo. Mwaka 2008 ilitoka Amri ya Kisultani nambari 63 juu ya matunzo na urekebishaji wa watu wenye ulemavu. Mwaka huohuo, kwa Amri nambari 121, Oman ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataka nchi ihakikishe majengo, barabara, usafiri na mawasiliano vinafikika kwa watu hawa sawa na wengine. Kifungu cha 20 kinazungumzia mtu kuweza kwenda anakotaka kwa kujitegemea kadiri iwezekanavyo, kwa namna anayoitaka na wakati anaoutaka mwenyewe. Lile neno "wakati anaoutaka" lizingatie, kwa sababu "nitakupitia" siku zote ni wakati wa mwenye gari.

Basi kama sheria ipo, na basi lipo, na njia nambari 2 ipo, mbona vituoni hatuwaoni?

Kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti

Jibu ni kwamba safari haianzii kwenye basi. Inaanzia mlangoni kwako, na ina vipande vingi. Kipande kimoja kikikatika, safari nzima imekatika. Tuvifuate kimoja kimoja.

Kwanza mlango wa nyumba. Maghorofa mengi ya zamani yana ngazi mbili tatu za kuingilia hata kama lifti ipo ndani. Ngazi tatu kwa mwenye kiti cha magurudumu ni sawa na ukuta.

Pili njia ya miguu. Kiti cha kawaida kina upana wa sentimita 65 mpaka 70, kwa hivyo kinahitaji njia ya sentimita 90 hivi kupita kwa raha. Sasa tembea mitaa yetu uone: gari imepandishwa juu ya njia ya miguu, mbele kuna nguzo ya taa katikati, mbele tena njia imekwisha ghafla pakabaki mchanga na kokoto. Kwenye sehemu ya magereji ndo usiseme, matairi na makopo ya mafuta yamepangwa mpaka barabarani. Mwenye miguu anazunguka bila hata kufikiri. Mwenye kiti anashuka barabarani na kwenda pamoja na malori.

Tatu ukingo wa njia. Kipimo kinachotumika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ukingo wa sentimita 15 basi unahitaji mteremko wa sentimita 180. Ukitazama vile vijiteremko vya saruji ambavyo wenye maduka wamejimwagia wenyewe, vingi ni vifupi na vimesimama kama paa la nyumba. Vinafaa kupandishia gunia la mchele kwa rikwama. Mtu akijaribu kuvipanda peke yake, kiti kitamlaza chali.

Nne kituo chenyewe, na joto. Sisi ni watu wa Muscat, tunajua Juni ikoje. Asiyeweza kukimbilia kivulini akiliona basi linakuja anahitaji kivuli palepale kituoni, na nafasi ya kiti chake ndani ya hicho kivuli, si nje yake. Chuma cha kiti kikikaa juani dakika ishirini hakishikiki.

Tano dereva amesimama wapi. Hili watu wengi hawalijui, na ndilo rahisi kuliko yote. Tuseme basi limeinama, sakafu iko sentimita 27, na ubao wa kupandia una urefu wa mita moja. Dereva akisimama sawasawa na ukingo wa sentimita 15, ubao unapanda sentimita 12 tu. Mtu mwenye mikono ya nguvu anaweza kupanda, na mwenye kusaidiwa anasaidiwa na mtu mmoja. Lakini ikiwa kuna gari imeegeshwa kituoni, dereva akalazimika kusimama katikati ya barabara, ubao uleule sasa unaanzia kwenye lami na unapanda sentimita 27 zote. Ukali umezidi mara mbili. Basi ni lilelile, ubao ni uleule, dereva ni yuleyule. Safari imeharibiwa na mtu aliyeegesha Land Cruiser "dakika mbili tu nachukua mishkaki".

Sita, ukishafika Ruwi, anza upya kutoka namba tano kurudi namba moja. Kushuka, ukingo, njia ya miguu, mlango wa benki au wa ofisi.

Utaona vipande hivi vina wenyewe mbalimbali. Basi ni la Mwasalat. Njia ya miguu ni ya baladia. Mlango ni wa mwenye nyumba. Kijiteremko ni cha mwenye duka. Gari ni yako wewe na mie. Kila mmoja anaweza kusema kweli kabisa, "mie upande wangu nimemaliza," na bado Bibi yuko nyumbani.

Konda alikuwa anafanya kazi mbili

Wazee wetu wanapoyasikia mazungumzo haya husema, "Mbona Unguja tulipanda bila ya mambo yote hayo?" Wana hoja, na inafaa kuitazama.

Daladala la Unguja halina ubao wala nafasi ya kiti. Lakini lina konda. Konda anapiga kelele njia nzima, anataja gari linakokwenda na kila kituo linapokaribia. Kwa asiyeona, zile kelele ndizo tangazo. Anajua gari gani limefika na wapi ashuke. Konda huyohuyo anamshika mkono bibi, anapokea gongo, anawaambia vijana "sogeeni hapo, mpisheni mama."

Lakini msaada ule ulikuwa wa hiari yake. Akiwa na haraka, au gari limejaa, au akiona kiti cha magurudumu kitamlia nafasi ya abiria watatu, anapiga bodi gari linaondoka. Hukuwa na pa kumshitaki. Wenye ulemavu wa Zanzibar hawakukaa kimya juu ya mambo haya. Umoja wao, UWZ, upo tangu 1985, na mwaka 2006 Zanzibar ikatunga sheria yake, Namba 9, ya haki na fursa za watu wenye ulemavu.

Sasa tazama tulikofika sisi Muscat. Tumepata ubao, tumempoteza konda. Basi ni zuri, lina kiyoyozi, na limetulia kimya. Asiyeona akiwa kituoni ambako zinapita njia tatu nne, atajuaje hili lililosimama ni nambari 2 na si nambari 4 ya Mutrah? Inabidi aulize, na kama yuko peke yake kituoni, amuulize nani? Sauti inayotaja njia kwa nje na vituo kwa ndani si anasa. Ni ile kazi ya konda iliyosahauliwa tulipobadilisha gari. Wenye usikivu mdogo nao wanataka kinyume chake: maandishi makubwa yanayoonyesha kituo kinachofuata, maana tangazo la sauti kwao ni bure.

Dar na Nairobi

Dar es Salaam waliujaribu mfumo mkubwa kuliko wetu. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, kama kilomita 21 za njia ya peke yake. Vituo vimeinuliwa, sakafu ya kituo na ya basi ziko sawa, unaingia kama unavyoingia chumbani. Jiji likapata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu, ile ilikuwa hatua ambayo Afrika Mashariki haikuwahi kuiona.

Kisha yakaja mawili. Msongamano ukawa mkubwa mno. Mlango uko sawa na sakafu, lakini saa kumi na mbili asubuhi watu wanasukumana kiasi kwamba hata mwenye miguu miwili mizima anaachwa. La pili, ukishuka kituo cha mwisho ukaingia mtaani, unarudi kwenye daladala la ngazi au bodaboda. Kipande cha katikati ni kizuri kabisa, vipande vya pembeni ni vilevile vya zamani. Ni somo kwetu: usafiri unapimwa pale unapokuwa dhaifu.

Kenya wanatufundisha jengine. Sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe yawafae watu hawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikataja waziwazi haki ya kufikia usafiri wa umma. Kwa maandishi, ni nzuri kuliko nchi nyingi. Sasa simama stendi yoyote Nairobi utazame matatu zinazopita, uhesabu ngapi zina pa kuingilia kiti cha magurudumu. Matatu ni ya mtu binafsi, analipa mkopo, kila kiti kilichong'olewa ni hasara yake kila safari. Sheria ilimwambia abadilike, haikumuonyesha nani atalipia. Sisi hapa tuna nafuu: basi la mji ni la shirika la serikali, na amri ikitoka inakwenda kwa mmoja, si kwa maelfu ya wenye magari.

Walivyoyapata wengine

Msidhani Wazungu walizaliwa na haya. Julai 1978, mjini Denver, Marekani, watu 19 wenye ulemavu walijiweka na viti vyao mbele na nyuma ya mabasi katika makutano ya Colfax na Broadway, wakayazuia usiku kucha. Mji ulikuwa umenunua mabasi mapya yasiyo na cha kuwapandishia. Walikuwa vijana waliochoka kukaa ndani. Sheria ya taifa ikaja 1990, miaka 12 baadaye. London nayo ilifika mwisho wa 2005 ndipo mabasi yake yote ya kawaida yakawa ya sakafu ya chini.

Na hata baada ya basi kupatikana, bado kuna sie abiria. Mwaka 2012, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Doug Paulley alitaka kupanda basi la Wetherby kwenda Leeds. Nafasi ya kiti cha magurudumu ilikuwa na kigari cha mtoto, na mama mwenye mtoto alikataa kusogea. Dereva aliomba, akakataliwa, basi likaondoka bila Paulley. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Januari 2017 majaji wakasema kuomba tu na kuacha hakutoshi, dereva lazima afanye zaidi pale ambapo kukataa hakuna sababu ya maana. Kwa hivyo mafunzo ya dereva ni sehemu ya vifaa, kama breki na taa.

"Lakini wangapi hao?"

Hili ndilo swali tunaloulizwa kila tukigusa mada hii, na kwa kawaida na mtu mwenye nia nzuri tu. Anasema yeye hupanda basi na hajawahi kumuona mtu wa kiti, kwa hivyo gharama zote za nini?

Hujamuona kwa sababu hakuweza kufika. Huwezi kuhesabu wanaotaka kuvuka mto kwa kuwahesabu wanaoogelea.

Halafu, hesabu watu wa nyumba yako kwa haki. Nani ana sukari na kidonda cha mguu? Nani ana magoti yasiyokunja? Nani alipata kiharusi upande mmoja ukalegea? Nani ana mimba ya miezi minane na mtoto wa miaka miwili kwenye kigari? Nani macho yake yamepungua lakini hataki kukubali? Hawa wote hawajiiti walemavu, na Bibi yako ukimwita hivyo atakutolea kiatu. Lakini wote wanaihitaji ile sentimita 180 ya mteremko, na ile sauti inayotaja kituo. Fundi wa gereji anayesukuma toroli la injini anaihitaji pia. Hata sisi wa miaka thelathini, tusijidanganye, tuko njiani tu.

Kuna na jambo jengine la kusemana sisi kwa sisi. Katika jamii yetu kumficha mtu ndani huitwa kumstiri. "Mwache apumzike, joto kali." "Watu watamkodolea macho." Mara nyengine ni huruma ya kweli. Mara nyengine ni sisi tunaoona aibu, tukamvisha yeye. Basi likiwa zuri namna gani halitamtoa mtu ambaye nyumba yake haimuachii atoke. Kwa hivyo kabla hatujaidai baladia, tumuulize aliye ndani: wewe mwenyewe ungependa kwenda wapi? Huenda jibu likawashangaza.

Tuanze wapi?

Hatuwezi kuchimba barabara sisi. Lakini haya tunayaweza, na mengine yanaanza leo.

Usiegeshe kituo cha basi wala juu ya njia ya miguu. Hata dakika mbili. Umeshaona hesabu ya ule ubao.

Kama una duka au nyumba ya kukodisha Wadi Kabir, pima ngazi yako ya mlangoni kwa rula. Zidisha mara 12. Kama nafasi ipo, fundi wa saruji hatamaliza hata siku mbili.

Chukua safari moja ya njia nambari 2 pamoja na mtu wa kwenu anayetumia kiti au gongo, kama mwenyewe anataka. Piga picha kila palipokwama, andika jina la mtaa na alama ya karibu, halafu peleka kwa mwenye kipande chake: la njia ya miguu kwa baladia, la basi na dereva kwa Mwasalat. Lalamiko la "usafiri wetu mbaya" halina wa kulijibu. "Ukingo mbele ya kituo fulani hauna mteremko, picha hii" lina mwenyewe.

Na wenye ulemavu wenyewe wawepo mezani. Hapa Oman kuna jumuiya zao, ikiwemo Al Noor ya wasioona. Anayechora kituo bila ya kukaa na asiyeona atachora kizuri cha kutazama.

Wala hatusemi muache kuwapitia wazee wenu. Mpitieni Bibi Ijumaa, mtoeni mkale samaki Sidab, msikilizeni hadithi zake za Ng'ambo. Mpitieni kwa sababu mnataka kukaa naye. Ila Jumanne, akiamua mwenyewe kumfuata shoga yake Mutrah, awe na njia ya kwenda bila ya kundi la simu kuwaka moto, na akirudi jioni asiwe na wa kumuomba radhi.

Wiki ijayo tunarudi na kipindi kipya, inshallah. Kama wewe au mtu wa kwenu mnatumia kiti, gongo au fimbo nyeupe na mnapanda basi hapa Muscat, tuandikieni mlikokwama na mlikopita vizuri. Tutazisoma hewani kwa ruhusa yenu.